Feni Kubwa ya Ua la Mzoga

Mzazi mwenzangu, ukisikia feni inanguruma vizuri ndani ya nyumba, usikae ukafurahi. Sikia kwanza yaliyompata Leanne, mke wa Dale, hapa hapa bonde la Huon, huku kusini mwa dunia ambako Agosti ni baridi kali, katika ile Agosti ambayo ua la binti yake lilifunguka.

Binti mwenyewe ni Tamsin, mtoto wao wa pekee, miaka kumi na minne. Wenzake walitaka farasi na simu. Yeye alitaka kiazi. Kiazi kikubwa kama kichwa cha ndama, cheusi, kina vinundu, kilichokuja kwa posta kutoka majimbo ya joto. Wala hakikuwa kiazi chenye adabu, cha kutanguliza majani kama viazi vingine. Kilikaa kikavu baridi yote, halafu siku moja, bila maji, hata bila udongo, kikaanza kusukuma ua. Na ua hilo likifunguka hunuka mzoga, kwa sababu wageni linaowaita si nyuki, ni nzi.

Mwaka wa kwanza Leanne hakujua. Alinusa, akamwambia mumewe kwamba posamu, mnyama wa usiku wa ukubwa wa paka, amefia chini ya sakafu, maana wanyama hao wakichoka kukimbizana juu ya mabati hufia popote. Dale akaingia uvunguni mwa nyumba kwa tumbo, tochi mdomoni, akatoka na utando wa buibui kichwani na kiatu cha mtoto kilichooza. Posamu hakumwona. Coral, jirani yao, akasimama kwenye uzio na leso puani.

"Leanne we! Mmemzika nani humo, mbona hatukualikwa?"

Neno hilo likatembea bonde zima. Likafika dukani, likafika shuleni, likafika mpaka kwenye vizimba vya samaki anakofanya kazi Dale, wenzake wakawa wanamwita Bwana Mazishi. Dale alicheka nao. Leanne hakucheka. Yeye ni mtu wa kufagia njia ya wageni hata kama hawaji wageni, na neno la Coral lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Basi mwaka uliofuata kiazi kilikuwa kimenenepa maradufu. Chipukizi la ua likachomoza, likapanda hata likapita urefu wa mkono. Dale akamnunulia binti yake hema dogo la kuoteshea, lile jeusi nje na la fedha inayong'aa ndani, upana wake kabati la nguo, wakalisimamisha kwenye chumba cha kufulia pamoja na taa na mkeka wa joto. Na kama mambo yalivyo, zamu ya kuandaa chai ya kikundi cha akina mama mwezi huo ilimwangukia Leanne. Kuiahirisha haikuwezekana. Katika kikundi kile mazishi huweza kuahirishwa, chai haiahirishwi.

"Mama, litafunguka wiki hiyo hiyo," Tamsin alisema, macho yanamwaka. "Wataliona!"

"Wataliona au watalinusa?"

"Vyote viwili!"

"Haya, Tamsin. Mimi nikihama bonde hili, wewe na kiazi chako mtabaki na baba yenu."

Akapanda gari akaenda dukani kwa Merv, mzee anayeuza vifaa vya bustani mjini. Merv akamwonyesha feni za kuvuta hewa, zile za mviringo zinazofungwa katikati ya bomba, na machujio yake, mapipa ya bati yaliyojazwa mkaa wa kunyonya harufu.

"Hema lenyewe likoje?" Merv akauliza.

"Kama kabati."

"Basi chukua hii ndogo, tena uiendeshe polepole. Mkaa unataka hewa ipite taratibu, ndipo uikamate harufu. Ukiikimbiza, harufu inapita nayo mlango huo huo."

Leanne akaitazama ile ndogo. Ilikuwa kama kopo la maziwa. Akageuka akaitazama kubwa, iliyokaa rafu ya chini kama sufuria ya shughuli.

"Na ile?"

"Ile ni ya banda la kuku, dada. Ile itakung'olea mapazia."

"Ndiyo ninayoitaka. Mimi sitaki kusikia tena mtu ananiuliza nimemzika nani."

Merv akacheka, kisha akakuna shingo. "Hebu kwanza. Kwenu mnawasha jiko la kuni?"

"Merv, bonde hili nani hawashi?"

"Nauliza kwa sababu hewa itakayotoka..."

"Itatoka nje, ndicho ninachotaka. Nifungie, nina unga kwenye mzani nyumbani."

Mzee akamfungia. Yeye ni muuza duka, si baba yake.

Dale akaifunga kabla hajaondoka kwa zamu yake ya siku kadhaa vizimbani. Akaining'iniza feni juu ndani ya hema pamoja na pipa lake la mkaa, akatoa bomba kwenye dirisha la chumba cha kufulia, sehemu ya dirisha iliyobaki akaiziba kwa ubao. Nyumba yenyewe ilishazibwa tangu Juni, kama tunavyoziba sote: karatasi za plastiki madirishani, na wale nyoka wa kitambaa waliojazwa mchanga wamelazwa chini ya kila mlango. Lakini Leanne hakutosheka. Akanunua utepe wa sponji akaubandika kwenye kila ufa uliobaki, mpaka kwenye tundu la paka. Aliwaza hivi: harufu ikikosa pa kupenya, itakwenda wapi? Itakwenda kwenye feni. Alisahau kwamba hewa nayo ilikuwa inakosa pa kupenya.

Jumamosi ya chai, asubuhi, Tamsin akapiga ukelele. Leanne akatoka jikoni mbio, mikono imejaa unga.

Ua lilikuwa limefunguka.

Alikuwa amejiandaa kuchukia, lakini alisimama pale mlangoni mwa hema mdomo wazi, akasahau hata kuziba pua. Lilikuwa limesimama juu ya kile kiazi kikavu bila jani moja, limekunjua joho moja pana la rangi ya ini, lenye mikunjo kama pindo la gauni, na katikati yake likasimamisha mkuki mweusi unaong'aa, unaomfika Leanne kifuani. Halikuwa zuri. Lilikuwa kubwa kuliko uzuri. Ilikuwa kama kumfumania mfalme wa nchi ngeni chumbani mwako mwa kufulia, katikati ya soksi.

"Liguse, Mama. Hapo kwenye mkuki."

"Siligusi."

"Liguse tu!"

Akaligusa. Akaurudisha mkono haraka, kisha akaupeleka tena. Lilikuwa na joto. Nje theluji ilikuwa bado imelala vilimani, na ua hili lina joto kama paji la uso la mtoto mwenye homa.

"Linajipasha lenyewe," Tamsin akanong'ona, kama wako kanisani. "Ili harufu ipande ifike mbali. Linakula akiba yote ya kiazi kwa siku mbili, ili nzi wajue."

"Mungu wangu," Leanne akasema. Ndipo harufu ikamfikia, akakumbuka wageni, akawasha feni mpaka mwisho.

Feni ikanguruma. Kuta za hema zikaingia ndani kama mashavu ya mtu anayefyonza embe, vyuma vikalia. Harufu ikakatika. Leanne akanusa hewa, akanusa tena, hakuna kitu. Birika lilikuwa linachemka jikoni. Akaona mvuke wake haupandi juu kama siku zote. Ulikuwa unalala, unapinda, unatoka jikoni kwa utaratibu na kufuata ukumbi mpaka chumba cha kufulia, kama mtu aliyeitwa jina lake. Mlango wa chumba cha kulala ukajifunga wenyewe. Tundu la ufunguo la mlango wa mbele likaanza kupiga mluzi, sauti nyembamba, isiyokatika.

"Tamsin, njoo uone! Nyumba inavuta pumzi!"

Wakasimama ukumbini mama na mwana wakiutazama mvuke unavyotembea. Leanne alihisi kitu ambacho hakuwahi kukihisi tangu shuleni, kwamba hewa ni kitu. Miaka yote ameishi ndani yake kama samaki asiyejua maji, na sasa anaiona inapita, ina uzito, ina njia zake. Alishangaa, na katika kushangaa hakujiuliza lile swali moja. Yote hii inayotoka, nyingine inaingilia wapi?

Akaendelea na kazi. Alipomaliza kukaanga chapati ndogo za maziwa, alitia gogo nene jikoni, lile jiko la chuma la kupashia sebule, akafunga kidirisha chake cha hewa kabisa. Hivyo ndivyo tufanyavyo sote hapa. Gogo likizibiwa hewa haliwaki, linaungua polepole kama mtu anayelipa deni lake, na nyumba inakaa na joto siku nzima kwa kuni chache. Makaa yakabaki mekundu, hayana moshi wa kumchoma mtu macho.

Kichwa kilianza kumgonga alipokuwa anapanga vikombe. Akasema ni wasiwasi wa wageni. Tamsin alikuwa amekaa sakafuni chumba cha kufulia, mgongo kwenye mashine, anachora ua.

"Mama, kichwa kinaniuma."

"Ni hiyo harufu yako."

"Sinusi chochote."

"Basi ni kuinama. Kunywa maji. Wageni wakifika utawaeleza habari za nzi, lakini si kabla hawajala."

Tamsin akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye usingizi. Leanne akaona mashavu yake mekundu, akafurahi. Akasema moyoni, leo mtoto ana damu nzuri.

Akatoka nje kwenda kuchukua vijiti bandani. Alipogusa kitasa, mlango ukamtoka mkononi ukabamiza ndani, kana kwamba kuna mtu nyuma yake aliyeuvuta. Akauvuta kwa nguvu, akaufunga, akashuka ngazi. Hatua chache tu kwenye majani yenye umande wa barafu, dunia ikazunguka. Akashika rundo la kuni, akatapika.

Akabaki ameinama, anavuta hewa ya baridi, na kila pumzi kichwa kinapata mwanga kidogo. Wasiwasi gani huu wa kutapisha? Akainua uso.

Hapakuwa na upepo hata chembe. Bonde zima dohani zilikuwa zinatoa moshi, ya Coral, ya akina Lovell chini kule, ya nyumba za ng'ambo ya mto, kila moja imesimamisha uzi wake mweupe ulionyooka mpaka mbinguni. Akaitazama dohani yake. Haikutoa kitu. Wala moshi, wala ule mtetemo wa joto. Ilikuwa imekufa, na jiko lina moto ndani.

Akateremsha macho ukutani. Kutoka kwenye bomba la feni, pale dirisha la chumba cha kufulia, mvuke mweupe ulikuwa unafoka nje kwa nguvu, mwingi, wa joto, kama pumzi ya ng'ombe asubuhi ya baridi.

Leanne hakusoma mbali, lakini hili hakuhitaji kulisoma. Alikuwa analiona. Nyumba ilikuwa inapumua kinyume. Ameziba kila ufa, na feni ina kiu, basi imeipata hewa kwenye tundu moja kubwa lililobaki wazi, ikaivuta ishuke na dohani, ipite juu ya makaa ichukue sumu yake isiyonuka, itokee sebuleni, ifuate ukumbi kama ule mvuke wa birika, mpaka kwenye hema. Na njiani, sakafuni, amekaa mtoto wake.

"Tamsin!"

Alirudi mbio, mlango ukambamizia tena ndani, akauacha hivyo hivyo. Tamsin alikuwa amelala ubavu, penseli bado iko vidoleni, mashavu mekundu kama tofaa lililoiva la Machi. Uzuri ule ulimtisha kuliko weupe wa maiti. Alimwita, alimzaba kibao, hakuna. Akamshika kwapani akamburuta. Mtoto aliyembeba mgongoni miaka yote leo alikuwa mzito kama gunia la matofaa lililoloa, na miguu yake mwenyewe ilikuwa uji. Katikati ya ukumbi akaanguka. Akamvuta kwa magoti. Feni inanguruma nyuma yao, haichoki, inafanya kazi yake barabara.

Hapo mlangoni akatokea Coral na sahani ya keki. Coral hufika kabla ya wakati siku zote, apate kukagua vumbi.

"Shoga, mlango wako uko wazi, joto lote lina... Leanne?"

"Mshike! Mtoe nje! Usivute hewa!"

Coral akaitupa sahani. Mwanamke ana miaka sabini na nyonga ya chuma, lakini alimshika yule mtoto mguu na mkono, wakateremka naye ngazi zile kama wanaobeba godoro, wakaangukia majanini wote watatu.

Coral akatoa simu akaita gari la wagonjwa. Kisha akageuka kwenda ndani. "Nikaizime hiyo mashine yako."

"Usiingie! Acha milango wazi tu. Hewa ya humo haina harufu, Coral. Itakuangusha hata hujaijua."

Coral akasimama. Yule mwenye pua ya bonde zima akautazama mlango ule uliokuwa haunuki chochote, akarudi nyuma hatua moja, na nyingine.

Leanne alikuwa amemlaza binti yake mapajani. Alimwekea shavu mdomoni. Kulikuwa na pumzi, nyembamba, inakuja, inakawia, inakuja. Kila ilipokawia Leanne naye aliacha kupumua. Baridi ile ilikuwa inaunguza mapafu, na yeye aliiombea iingie ndani ya mtoto, iingie zaidi, hewa hii ya bure inayojaa mbingu yote juu ya vilima, ambayo wiki hiyo hiyo alikuwa ameifungia nje kwa utepe wa sponji. Akaiona pumzi ya Tamsin inatoka nyeupe kwenye baridi, kiwingu kidogo kama cha kikombe cha chai. Hakuwahi kuona kitu cha ajabu kama kile, hata ua.

Tamsin akakunja uso. Akatapika kwenye sketi ya mama yake, sketi ya wageni.

"Tapika, mwanangu," Leanne akalia. "Tapika yote."

Wenye gari la wagonjwa walipofika walimvalisha kinyago cha oksijeni, na zimamoto wakaingia na kifaa chao mkononi kinachopiga kelele tangu mlangoni. Aliyetoka aliinua kinyago chake akasema, "Nusu saa nyingine, mama, tungekuwa tunazungumza mengine." Hakumlaumu. Alisema feni ile ina nguvu kuliko dohani, basi. Wakaenda Hobart hospitalini mama na mwana, wote kwenye oksijeni, na Dale akawafuata huko na mabuti yake ya mpira, ananuka samaki, anashika tu mguu wa binti yake juu ya shuka.

Asubuhi Tamsin alifungua macho akauliza la kwanza, "Mmezima feni?"

"Imezimwa."

"Basi nyumba inanuka."

"Inanuka sana," Dale akasema, akaanza kucheka, kisha kile kicheko kikageuka kitu kingine, akatoka nje.

Mzazi, sikwambii umkataze mtoto hema lake. Dale alirudisha feni kubwa kwa Merv akachukua ile ya kopo la maziwa, na inatosha, tena kwa mwendo wa chini. Alitoboa ukuta wa chumba cha kufulia chini kabisa, akapitisha bomba la kuingiza hewa kutoka nje moja kwa moja mpaka hemani, ili feni inywe huko isije kunywa dohani. King'ora cha gesi kiko sebuleni na kingine ukumbini. Na jiko likiwaka halizibiwi hewa feni ikiwa inazunguka, hata kama kuni zinakwisha. Kabla ya kuwasha moto, feni ikizunguka, Leanne hushika kipande cha karatasi nyembamba mbele ya mlango wa jiko. Kikivutwa kuelekea ndani ya jiko ni salama, kikisukumwa kuelekea kwake anazima feni na kufungua dirisha. Kitu kinachonuka kitakukera. Kisichonuka hakikukeri, na hapo ndipo penye hatari.

Lakini hayo ya bomba na king'ora yalikuja baadaye. Jumapili ile, walipomrudisha Tamsin nyumbani, hapakuwa na feni wala moto. Madirisha yote yalikuwa wazi, plastiki zimechanwa, nyoka wa mchanga wametupwa barazani. Nyumba ilikuwa baridi kama banda la maziwa, na ilinuka mzoga mpaka barabarani. Na akina mama walikuja. Walikuja wote, wamevaa makoti na kofia za sufu, leso puani, sahani zao mikononi, kwa sababu chai haiahirishwi, hata ikichelewa siku moja.

Tamsin akakaa kwenye kiti mlangoni mwa hema, amefungwa blanketi, akawaeleza. Walikuja na mizaha tayari, ilionekana midomoni mwao. Hakuna aliyeitoa. Mmoja mmoja walinyoosha kidole wakagusa ule mkuki mweusi, wakashtuka kwa joto lake. Nzi wawili, na huku ni Agosti, walikuwa wameshafika, sijui kutoka wapi. Walikuwa wanatembea ndani ya lile joho kama watu walioalikwa.

Leanne hakuwa analitazama ua. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mkono begani kwa binti yake, anahesabu jinsi blanketi linavyopanda na kushuka.

Coral akamsogelea, macho yanamtoka machozi kwa uvundo. "Leanne we. Hii harufu unaisikia kweli?"

"Naisikia."

"Na huzibi pua?"

"Siizibi," Leanne akasema, akavuta pumzi ndefu mpaka kifua kikajaa. "Nawe vuta, shoga. Vuta tu."

Coral akashusha leso yake, akavuta.